Ko-ko-ko ya Gurudumu la Kushoto

Kijiwe cha Bi Gwantwa kiko nyuma ya maegesho ya malori, hapa Tunduma: benchi refu, jiko la mkaa, na birika la kahawa ya Iyula. Asubuhi ile Hezron alifika na gari lake kubwa la zamani, alilolinunua kwa mtu wa Mkwajuni. Alipokata kona aegeshe, gurudumu la mbele kushoto likalia ko, ko, ko. Hakufuata kahawa. Mkewe Witness alikuwa nyumbani anafunga mizigo. Leo walikuwa wampeleke mtoto wao mchanga, Tumpale, akaonwe na bibi yake Ileje. Na miteremko ya kule si ya kuchezea.

— Mmeisikia hiyo? akauliza.

— Shokapu! akadakia Mbonile, dereva mstaafu wa malori, ambaye wote wanamwita Gia Tano. Akaikandamiza pua ya gari kwa mikono miwili, akaiachia. Ikapanda, ikashuka, ikatulia.

— Mbona limetulia, mzee? Shokapu ikifa gari si hunesa kama godoro?

— Basi bushi. Raba zimelika, chuma kinagonga chuma.

— Kwa hiyo nisisafiri?

— Safiri, mwanangu! Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Hata kama ni bovu, litatembea tu.

Clement alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu wanamwita Kwacha, kwa kuwa kutwa yuko ng'ambo kwa Wazambia.

— Iwe, we Gia Tano, usimdanganye mwenzio. Hili gari lilikuwa la mchimbaji. Wale jamaa wanaficha mawe ya dhahabu kwenye chesisi. Hayo ndiyo yanagonga!

— Dhahabu gani ikae humo miaka yote?

— Mvumilivu hula mbivu, kaka!

Clement akapiga magoti kweli, akaingiza kichwa chini ya madigadi, juu ya tairi, akitega sikio. Hezron alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

— Mnahangaika bure, akasema Gia Tano. Debe tupu haliachi kuvuma. Gari linalia kwa sababu halina mzigo. Tupande wengi, Hezron akate usukani, muone kama halitanyamaza.

Benchi zima likahamia garini, akabaki Clement tu pale kwenye tairi. Gia Tano akakaa mbele. Hezron akawasha.

— Clement! akaita Bi Gwantwa. Kahawa yako inapoa, na mimi sirudishi kikombe birikani.

Clement akachomoa kichwa, akasimama, akanyoosha mkono apokee kikombe. Hezron akakata usukani mpaka mwisho.

PAA!

Gari likaanguka upande wa kushoto kama ng'ombe aliyekatwa mguu. Walioko nyuma wakarundikana. Hezron alipotoka, alikuta gurudumu limelala, limepinda kuelekea nje, na madigadi imeliangukia, palepale kilipokuwa kichwa cha Clement. Clement alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Akajishika kisogo, akaangalia kiganja, kana kwamba angekuta damu.

Gia Tano aliinama, akachungulia nyuma ya gurudumu.

— Boljointi. Hili tufe la chuma ndilo linaloshikilia gurudumu. Limechomoka kwenye kikombe chake. Ona, mpira umechanika, grisi imegeuka vumbi. Hii haikuanza leo.

— Ingekuwa Ileje kule mteremkoni... akaanza mmoja.

— Usimalizie, akasema Hezron.

Akaona kichwani ile kona ya njia ya Ileje, juu ya korongo, akaiona vizuri kuliko alivyoliona benchi lililokuwa mbele yake.

Witness alitokea mbio kutoka uchochoroni, mtoto mgongoni, kanga imemteleza begani. Alikuwa ameusikia mlio kutoka nyumbani. Hakusalimia. Bi Gwantwa akamweleza habari ya ile ko-ko-ko; akalitazama gurudumu, akamtazama mumewe.

— Baba Tumpale, ilianza kulia lini?

Gia Tano akageukia malori. Clement akainamia kahawa asiyoinywa. Hezron alizikumbuka safari zote za masika, lakini ndani ya kila safari alisikia redio tu, jinsi alivyokuwa akiipandisha sauti kila gurudumu lilipogonga.

Witness akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa baba yake.