Sura ya Salvatory Imo Humu

Asubuhi, kijiwe cha kahawa jirani na stendi ya Bariadi hakikosi watu watatu: Injinia, fundi redio ambaye hakuna anayejua alisomea wapi; Mizani, mpima pamba wa Kasoli; na mzee Maganga mwenye birika. Siku hiyo Apolonia alifika hapo na mtoto mgongoni na sanduku la mbao kifuani, akayasema yote kwa pumzi moja: mume wake Salvatory ana miezi minne hajulikani alipo, simu haipatikani, polisi wanataka picha, picha zote aliondoka nazo kwenye simu yake, imebaki moja tu, imo humu.

— Mwangaluka, mayu. Kaa kwanza, — Maganga alimsalimu kwa Kisukuma, akammiminia kahawa. — Humu wapi?

— Kwenye kamera. Mwingereza mmoja wa pamba alimwachia babu yake Salvatory. Filamu mume wangu aliagiza Mwanza, akanifundisha, nikampiga mwenyewe siku anaondoka. Akasema akirudi ataisafisha.

Injinia aliinua kofia ya ngozi juu ya sanduku, akachungulia.

— Kuna kioo kimelala mshazari! Basi sura iko kwenye kioo.

— Muongo wewe, — Mizani alidakia. — Mimi naona birika la Maganga tu humo.

— Sura imezama chini.

— Kwani kioo ni bwawa?

Apolonia hakucheka. Alikumbuka alivyoinama siku ile, akamwona Salvatory kwenye kioo cha juu anatabasamu, saa yake ya mkono wa kushoto imehamia wa kulia. Alipobonyeza kile chuma cha pembeni, kioo cha ndani kikaruka, pap, Salvatory akatoweka, pakabaki giza. Hajamwona tena.

— Kioo kinaruka kuipisha sura, — alisema. — Inapita kwenye pazia linalofunguka humo ndani, inakaa nyuma kwenye filamu.

— Hapo sasa! — Mizani alipiga paja. — Miezi minne imefungiwa gizani! Mbegu ya pamba ukiifungia stoo itaota? Ipe jua, itatokea.

— Dakika mbili tu, — Injinia aliafiki, akabandua kisanduku bapa cha nyuma chenye filamu. — Zikizidi itaungua.

— Mwenyewe ndiye afungue, — Maganga aliamua.

Salvatory alisema jambo kuhusu kile kibati cheusi kinachofunika filamu, ila siku ile Apolonia alikuwa anamtazama tu, hakusikiliza. Akakichomoa. Wote wakainama. Filamu ilikuwa tupu, rangi ya maziwa.

— Tulieni, — Mizani alinong'ona. — Inakuja.

Akafika Violeth, mpiga picha za pasipoti wa ng'ambo ya barabara, kafuata kahawa. Aliliona sanduku, akaona na kilichokuwa mkononi mwa Apolonia.

— Nani kachomoa hicho kibati? Filamu ikiona jua kabla ya kusafishwa kwa dawa, picha imekwisha.

Injinia alitazama viatu vyake. Maganga alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika hadi mchangani. Apolonia hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kuielekeza filamu juani, bila kupepesa macho.