Kichupa Kizima kwa Kuku Watatu

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi. Nianze na gharama, maana ndivyo nilivyozoea kuanza mazungumzo yoyote: jambo hili lilinigharimu kuku wote wa bandani, baiskeli, na imani kubwa niliyokuwa nayo juu ya akili zangu. Nimehesabu mara mbili. Hicho cha mwisho ndicho kilichouma.

Mnanijua. Nilikuwa nanunua kuku Misigiri na vijiji vya jirani, nawapanga kwenye tenga nyuma ya baiskeli, nawapeleka Shelui kwa madereva wa malori. Kuna mama humu ndani nilimwambia jogoo wake ana mguu mmoja mfupi, akanipunguzia. Kesho yake akanikuta barabarani namwambia dereva kwamba jogoo yule yule anatembea kwa maringo. Mama, cheka kidogo, tupo ibadani.

Mwaka ule afisa mifugo alituita. Akasema kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kinakuja na upepo wa kiangazi, na chanjo yake ni tone moja tu kwenye jicho la kila kuku. Ila kichupa kimoja kinatosha kitongoji kizima, na kikishafunguliwa hakilali, lazima kiishe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tuchange, tufungie kuku ndani, apite nyumba kwa nyumba.

Nikapiga hesabu. Majirani wote wakichanja, ugonjwa utapitia kwa nani mpaka ufike kwangu? Nikarudia, jibu likatoka lile lile. Nikamwambia mama watoto kwamba sisi tutachanjiwa na majirani. Akauliza kama na ugali tutapikiwa na majirani. Mshindi habishani.

Ndugu zangu, nawaambia, kumbe kitongoji kizima kina akili kama zangu. Kila mtu alikuwa anamtegea jirani. Afisa alikaa mpaka jua likawa kali, akaondoka na kichupa chake hakijaguswa.

Kideri kilipofika hakikutaka maelewano. Nilifungua banda nikakuta kuku wamepinda shingo kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Siku chache tu nikabaki na manyoya. Baiskeli nikaiuza, tukaila. Nikaanza kukaa ndani. Hapa kanisani nikaacha kuja, nikawa namwomba Mungu peke yangu, anirudishie nusu tu, hata robo. Akaninyamazia kama muuzaji anayejua bei ya mali yake.

Siku moja alikuja mgeni, nikamsikia mwanangu nje anamweleza, "Baba alikuwa anauza kuku." Alikuwa. Nimekaa pale ndani, mzima, nasikiliza habari zangu kama za marehemu. Siku ile ndipo nilipoogopa. Si kwa sababu ya kuku. Niliogopa kwa kuwa sikuona ninachofaa hapa duniani zaidi ya kumpunguzia mtu bei.

Sasa, jirani yangu ni bibi mmoja mjane. Naye kuku wake waliisha, lakini binti yake aliyeolewa Nduguti akamletea wengine watatu. Asubuhi moja, kabla watu hawajafungulia mabanda, bibi akabisha hodi. Ameshika kichupa cha chanjo. Afisa alimfungulia na kumwonyesha, kisha akapanda pikipiki kuwahi kijiji cha pili.

"Mjukuu wangu," akasema, "macho yangu hayaoni tone linaangukia wapi. Njoo unishikie."

Nikaenda. Tukamaliza kuku wote watatu kabla chai haijachemka. Nikakitazama kichupa. Kilikuwa kimejaa.

"Bibi, umelipia kichupa kizima kwa kuku watatu?"

"Ndiyo."

"Na matone yote haya utampa nani?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

Wapendwa, natamani niwaambie nilisikia sauti kutoka mbinguni. Nilichosikia ni uchungu wa mali inayoharibika. Kitu kimelipiwa, na jioni kinamwagwa! Miguu ilianza kwenda kabla yangu. Nikaingia nyumba ya kwanza, nikaingia ya pili, kwa wote walioanza kufuga upya, nakamata, natonesha, naachia. Mzee mmoja akanizuia mlangoni, akasema kuku wake ni wazima. Sikumbishia. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye banda langu tupu, akachungulia. Akarudi, akanishikia kuku wake yeye mwenyewe.

Kufika adhuhuri, kichupa kilikuwa kitupu. Nilirudi nyumbani na mavi ya kuku mpaka kwenye viwiko, mama watoto akaniuliza nimepata nini. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Sikuwa nimepata hata senti, na bado nilikuwa nacheka.

Kiangazi kilipokuja, tulisikia kideri kipo vijiji vya jirani. Kwetu majogoo waliendelea kuwika. Tangu hapo kila baada ya miezi mitatu nazunguka. Kwa ndugu zetu Waislamu, mwalimu wa madrasa huwakumbusha watu baada ya swala ya alfajiri wasifungulie kuku mpaka nipite. Biashara nimeirudia kidogo kidogo. Bei bado naomba nipunguziwe, ila mambo ya mguu mfupi nimeacha.

Namshukuru afisa, hakutuchoka. Namshukuru mama watoto, aliyekuwa sahihi na hakunikumbusha zaidi ya ilivyolazimu. Na nyie mliokuwa mkiniombea wakati nimejifungia. Nilichojifunza ni hiki: nilimwomba Mungu anirudishie kuku, naye akachukua ubahili wangu huu huu, akaugeuza uelekee kwa jirani. Usidharau ulichonacho, hata kama ni tabia mbaya. Mpelekee yeye.

Nimebakiwa na tatizo moja, nalo naomba ushauri. Kila nikimaliza kwa yule bibi anataka kunilipa mayai. Nikisema sitaki, anasema mawili. Nikisema basi moja, anasema matatu. Mara ya mwisho nimetoka pale na trei. Jumamosi tunachanja tena, na naanzia kwake. Mimi sokoni nilijifunza kushusha tu. Mwenye kujua namna ya kumshinda mtu anayepandisha, tafadhali anione hapo nje.