Mzee Dishon Anashuka Mnarani

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Mzee Dishon Oketch anastaafu baada ya miaka thelathini na minne akiwa fundi na mtunzaji wa Kanisa la Mawe, hapa ufukoni. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa mnara una ufa na roho yangu haijatulia.

Kwa wageni wetu: mmisionari aliyelijenga kanisa hili alitaka lifanane na lile la kijijini kwao Ulaya, la zama za kati. Ndiyo maana lina kuta nene, madirisha ya tao, mnara mfupi na uwanja wa mawe mbele. Mawe yenyewe waliyabeba bibi zetu vichwani.

Mzee alianza kwa kufagia uwanja, akajifunza uashi, kisha akakabidhiwa paa. Mwaka wake wa kwanza juu, aliuteremsha msalaba wa kileleni aupake rangi, bila kumwambia mtu. Katika boma la Mjaluo, kijiti cha kileleni mwa paa, osuri, huondolewa mwenye nyumba akifa. Kabla ya saa sita uwanja ulijaa kina mama wakimlilia Padre. "Baba, umetuacha na nani?" mmoja aliomboleza, na Padre akatoka na tonge la ugali mkononi. Wawili walitimua mbio. Tangu hapo msalaba hauteremshwi mpaka Padre asimame uwanjani aonekane.

Tulicheka miaka mingi. Siku hizi tunaangalia juu zaidi kuliko tunavyocheka. Mzee alibandika vipande vya kioo juu ya ufa wa mnara. Ukuta ukisogea, kioo hupasuka. Mwezi uliopita kimoja kilipasuka. Siku hiyo hiyo aliwahamisha wauza dagaa wa omena wote waliokaa chini ya mnara, nao walimnunia wiki nzima. Mhandisi ameahidi kuja, lakini mvua za vuli haziahidi kungoja.

Tulimsihi abaki. Alisema magoti yamekataa ngazi, na kwamba Debra Amolo, aliyemfundisha mwenyewe, anapanda vizuri kuliko yeye. Namwamini Debra. Hata hivyo, akipanda huwa siwezi kutazama.

Asante, Mzee, kwa kuusimamisha mnara huu juu ya vichwa vyetu na vya watoto wetu. Uishi vyema huko Port Victoria, na mvua ikinyesha, ulale fofofo. Sasa ni zamu yetu kukesha.