Shangazi Ampeleke Fundi Barnaba Kwao Mbebe

Jumatatu ya tarehe 4 Mei 2015 karakana yetu ilimpoteza Shangazi. Hakuibiwa, wala hakupinduka. Alisukumwa na watu wanne mpaka kwenye bohari la mbolea, mlango ukafungwa kwa kufuli, ufunguo ukaenda ofisi ya Meneja. Naanza na hilo kwa sababu kazi ya Fundi Barnaba Mbonile haielezeki bila Shangazi, na leo Ijumaa, tarehe 29 Mei, tunamuaga fundi huku gari lake liko kifungoni.

Fundi Barnaba anastaafu keshokutwa, tarehe 31 Mei, akiwa ameitumikia Karakana ya Ushirika wa Tujikwamue hapa Tunduma kwa miaka thelathini kamili. Aliingia getini Juni 1985 akitokea Mbebe, Ileje, na sanduku moja la spana na maneno ya kujaza lori. Fundi mkuu wa wakati ule alimuuliza anajua nini. Akajibu, "Mzee, uliza nisichojua, tutamaliza mapema." Akaajiriwa siku hiyohiyo.

Ilikuwa miaka ya shida. Gasketi alizikata kwenye maboksi ya viatu, na breki za lori la kahawa zilikaa kwa ujuzi na sala. Biashara ilipoachiwa huru na mpaka ukachangamka, spea zikaja kwa wingi, na matapeli wakaja nazo. Hapo ndipo stoo ilipomjua Fundi Barnaba vizuri. Akishika plagi ya bandia huirudisha mezani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, na kuniambia, "Dada Restuta, hii mrudishie mwenyewe, na umpe pole." Mafundi kumi na wanne wamepita mikononi mwake. Watatu kati yao wana gereji zao Nakonde, na bado wanavuka mpaka kuja kumuuliza, ingawa mbele ya wateja wao hawasemi.

Sasa Shangazi, kwa faida ya wageni wetu. Shangazi ni Landrova ya petroli ya mwaka 1973, bodi ya wazi nyuma. Alipewa jina hilo kwa kuwa hakuna harusi, msiba wala ugomvi wa mali katika familia zetu ambao hakuhudhuria. Tangu mwaka 1991 tuna desturi yetu: mstaafu wa karakana hii haendi kwao kwa basi. Anapelekwa na Shangazi, godoro na kuku nyuma, nusu ya wafanyakazi juu ya godoro wakiimba. Mstaafu hukaa mbele, mikono mapajani, na sheria ni moja tu: haruhusiwi kugusa kitu. Injini ikilia vibaya, anyamaze. Boneti ikifunguliwa, abaki kwenye kiti. Siku hiyo yeye ni mgeni.

Tatizo lilikuwa kabureta. Wastaafu wetu wanatoka huku na huku, wengine bondeni Ivuna, wengine milimani Ileje, na kutoka Ivuna kuja hapa peke yake unapanda zaidi ya mita mia nane. Kabureta haijui kwamba umepanda. Juu hewa ni nyepesi, yenyewe inamwaga mafuta yaleyale, injini inakabwa, moshi mweusi, gari linazima. Fundi Barnaba alikuwa akisimama njiani kubadilisha jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta, vingine vya mlimani, vingine vya bondeni, akivibeba kwenye kopo la dawa ya meno.

Mwaka 2005 tulimsindikiza Mama Germana, mpishi wetu, kwao Ileje. Shangazi alizima mara kumi na moja. Tulisukuma tukiwa na vitenge vya sherehe. Kilima cha mwisho Mama Germana alishuka, akachukua kuku wake, akatangulia kwa miguu. Alipofika juu akageuka na kusema, "Fundi, mimi nimestaafu, na miguu nayo imestaafu. Mbona hii unaiongezea muda?" Watu walicheka. Fundi Barnaba hakucheka, na kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa ishara kwamba kuna chuma kitakatwa.

Mwaka uliofuata Haisi moja iliyokuwa safarini kwenda Zambia ilipinduka kabla ya kufika mpakani. Mwenye mali aliuza mabaki. Wengine waligombania matairi na viti. Fundi Barnaba aliomba vitu ambavyo hakuna aliyevitaka: nozeli nne, pampu ya umeme, distributa, sensa zote, kompyuta yake, na nyaya zake bila kukatwa hata mmoja. Alitangaza kwamba anamtoa Shangazi kwenye kabureta na kumweka kwenye EFI, yaani mafuta yapuliziwe na nozeli kwa kipimo cha kompyuta. Karakana nzima ilikuja kuona. Fundi wa bodi akasema, "Unamvalisha bibi kizee jinzi." Akajibiwa, "Subiri aanze kucheza."

Kazi ilimchukua miezi mitatu, jioni baada ya saa za kazi na Jumamosi. Alitoboa njia ya hewa ya injini sehemu nne na kuchomelea vikalio vya nozeli. Distributa ya Haisi haikuingia kwenye tundu la Landrova, akapeleka shafti Mbozi Mission kwa fundi wa kukereza, ikarudi, haikukaa, ikaenda tena. Bahati ni kwamba injini zote mbili zinachoma kwa mfuatano mmoja, moja, tatu, nne, mbili, la sivyo angekuwa anabishana na kompyuta mpaka leo. Pampu ya zamani aliitupa kando, kwa kuwa nozeli zinataka mgandamizo wa karibu mara kumi ya ule. Akabadilisha mipira yote ya mafuta, akavuta bomba la pili la kurudisha yanayobaki kwenye tanki. Kabureta aliifuta, akaifunga kwenye kitambaa chenye oili, akaileta stoo. "Nitunzie huyu," akasema. "Hana kosa, alizaliwa bondeni."

Shangazi aliwaka kwa ufunguo mara ya pili, bila kuvuta choki, na akatulia kama jokofu. Dereva mmoja wa Nakonde aliyekuwa akisubiri lori lake aliinamia boneti na kuuliza kwa Kibemba, "Ba Mbonile, bushe iyi ni motoka nangu ni ndeke?" Fundi akamwambia kama ni ndege au ni gari atajua akipanda. Namba za stoo hazina ushabiki: alikuwa anakwenda kilomita nne na nusu kwa lita, akafika sita na robo, kwa mzigo uleule na barabara ileile.

Isidhaniwe kwamba hakukosea. Mwaka 2007 tulimpeleka mchomeleaji wetu Kasiani kwao Ivuna, na Shangazi alishuka bondeni bila kikohozi. Wakwe wa Kasiani wakatupa zawadi, magunia mawili ya chumvi mbichi, bado inatoa maji. Nyuma kulikuwa kumejaa watu. Fundi Barnaba mwenyewe, kwa mikono yake, akayasukumia chini ya kiti. Chini ya kiti ndipo alipokuwa ameifunga kompyuta. Njia nzima chumvi ilimdondokea mtaalamu wetu, ile kompyuta, taratibu, na kabla ya kupanda mlima Shangazi akazima kimya, kama mtu aliyesusa.

Tulivutwa na ng'ombe wa mfugaji mmoja wa pale, Ngusa, Msukuma mrefu mwenye subira ya dharau. Alifunga mnyororo, akaangalia nozeli, akahesabu. "Zako nne na ng'ombe wangu wanne, fundi. Ila wangu hawana kompyuta, ndiyo maana wanatembea." Fundi Barnaba akacheka mpaka akakaa chini. "Basi, Ngusa, nifungie na mimi nira." Tuliposimama alisafisha viunganishi vyote kwa petroli na mswaki aliousahau Kasiani garini, akavikausha juani, tukarudi nyumbani. Tangu hapo kompyuta inakaa kwenye boksi la bati nyuma ya dashibodi, na nje ameandika kwa rangi nyekundu: CHUMVI MARUFUKU. Miaka minane sasa, Shangazi hajavutwa na mtu wala mnyama.

Ndiyo maana jambo la Mei 4 limetuuma. Ushirika wetu unatimiza miaka hamsini mwezi wa saba, na Meneja wetu, Bwana Lusungu, ameamuru Shangazi awekwe kwenye maonyesho akiwa kama alivyotoka kiwandani: nozeli zitolewe, kabureta irudi, na mpaka hapo asitembee. Alituambia, "Watu wanataka kuona gari la kale, hawataki kuona nyaya." Fundi Barnaba alimjibu papo hapo, mbele yetu sote: "Sawa, Meneja. Na watu wengine wanataka kufika." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Hajaomba kitu tangu siku hiyo, na hataomba. Kwa desturi yetu mstaafu haombi gari, huletewa. Kwa hiyo naomba mimi, niliyeanza kwa kuuza maandazi getini hapa na niliyefundishwa na fundi huyu kutofautisha spea kwa kuzinusa.

Tumepewa basi dogo la kukodi. Basi ni zuri, lina viti. Lakini Fundi Barnaba amewafikisha kwao wastaafu tisa kwa gari alilolitengeneza, na yeye, wa kumi, hawezi kupelekwa kama mzigo wa kampuni. Shangazi akirudishiwa kabureta kabla ya kesho, mlima wa Ileje tunaujua, tuliupanda tukisukuma. Na akitolewa nozeli baada ya kesho, tutakuwa tumeonyesha kwa wageni wetu miaka hamsini ambayo hakuna aliyejifunza kitu. Kabureta iko stoo, safi, tayari kuwekwa mezani pembeni ya gari na kibao chake, waone tulikotoka na tulipofika. Kwa kufungwa kwenye gari, sitaitoa.

Fundi Barnaba, karakana inakushukuru kwa miaka thelathini, kwa kelele zako, kwa mafundi kumi na wanne na kwa magari yaliyorudi nyumbani. Mkeo, Mama Enesi, amekungoja Mbebe msimu baada ya msimu. Sasa mpe zamu yake. Mahindi yakupe mavuno, mgongo ukupe nguvu, na wajukuu wasifungue redio yako kabla hujawafundisha kuifunga. Kesho ukae mbele, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwako, unyamaze.

Bwana Lusungu, uko meza kuu na karatasi hii iko mkononi mwako. Kwenye ratiba, neno lako ni la saba, saa tisa na nusu alasiri. Hatuhitaji hotuba. Dereva ameshajaza petroli kwenye dumu, godoro limefungwa, safari ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukisimama, tuambie neno moja kabla hujakaa: ufunguo wa bohari unautoa, ndiyo au hapana?

Restuta Siame
Mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana