Siku Tuliitika Amina mu Simu ya Furaha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Kwanza nitaje waliokuwa pale. Furaha, mujukuu wangu, mutoto wa marehemu binti yangu Riziki. Mama Nyota, wifi yangu, mwenzangu wa maombi. Mama Kavira wa duka, muzaliwa wa Butembo, Mukatolika, lakini siku ya shida hakuuliza ni maombi ya kanisa gani. Papa Bauma, shemasi wetu, mwenye ngombe. Na mimi. Ilikuwa juu ya Kirolirwe, wakati kilima kile kilikuwa kingali kimejaa ngombe, na asubuhi unasikia maziwa yanalia mu ndoo. Ee, siku zile!

Furaha alisoma biolojia inivasite, ile shule kubwa ya chuo kikuu, akamaliza vizuri. Kisha? Akakaa! Alitafuta kazi ya utafiti wa magonjwa, akituma barua inivasite moja hata ingine. Wengi hawakujibu. Waliojibu waliuliza alishafanya utafiti wapi. Ndugu zangu, atafanya wapi kama hakuna anayemuanzisha? Mujomba wake akamwambia aende Kitshanga kuuzisha maharagi. Furaha akaniambia mimi nyanya yake: «Koko, hii njo ya mwisho. Wakikataa, naenda kuuzisha.»

Hiyo ya mwisho ilikuwa kazi ya kusaidia utafiti juu ya homa inayotoka mu maziwa yasiyochemshwa. Walitaka kumuuliza maulizo kwa simu, na rezo, mutandao wa simu, inapatikana tu juu, mu malisho ya Papa Bauma. Tukasema mutoto hataenda peke yake! Tukamuzunguka, macho tumefunga, tunamuombea polepole.

Sasa sisi tuna desturi: muntu akisema neno zuri mu maombi, tunaitika. Profesa wa kazi ile alipopiga, Furaha alifungua sauti ya simu ili asikie vizuri, akasema: «Profesa, niko tayari kufanya kazi hii kwa moyo wote.»

Sisi wote: «AMINA!»

Furaha akatutolea macho. Mama Kavira akanong'ona: «Nyota, weye njo umelia kama ngombe!»

«Na weye, Mukatolika, nani alikutuma uitike?»

Profesa, alikuwa mwanamuke, akauliza: «Uko na nani pale?» Nikasema mu moyo: Bwana, tumemuharibia mutoto! Furaha angeweza kusema ni redio. Hakudanganya. «Iko koko yangu na majirani. Hawa njo wanakunywa hayo maziwa. Wanaomba nipate kazi.»

Yule mama akacheka! Akasema watu aliotuma mbele walifukuzwa, sababu wenye ngombe walizania wanakuja kuhesabu mifugo ili walipishe kodi. Akauliza kama sisi tutakubali kuulizwa. Papa Bauma akajibu mwenyewe: «Tunakubali, sisi na ngombe zetu, Mama Profesa. Lakini muje na Furaha.»

Hapo hata Furaha aliitika Amina.

Akapata kazi, ndugu zangu! Mungu si muntu! Hata leo iko mu labo, maabara ya utafiti, anatafuta ile homa.

Mama Nyota amelala katika Bwana. Mama Kavira alirudi kwao. Ngombe ziliisha mu vita, na mimi naandikisha haya nikiwa kambini. Lakini nikifunga macho, nawasikia wote. Asante Yesu, ulinipa watu wale! Na wewe unayetafuta bila kupata, mutumainie Bwana, wala usione haya juu ya wanaokuombea.

Tulishuka tukiimba. Mimi nasema Nyota njo alianza wimbo. Furaha anasema ni Papa Bauma. Anayekumbuka vizuri kuliko mimi, anisahihishe, ningali nasikia.