Kasimiri Alois Mkude, Bwana Miti Aliyekata Miti Yake (1938–1999)

Marehemu Mzee Kasimiri Alois Mkude alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 hapa Bigwa, mtoto wa tatu wa Mzee Alois na Mama Veronika. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alikuja na mvua na ubishi. Mvua ilikatika, ubishi ukabaki.

Alisoma shule ya misheni, akapata mafunzo ya misitu, na mwaka 1961 akaajiriwa kuwa bwana miti katika milima yetu ya Uluguru. Mwaka 1964 alifunga ndoa na Domitila. Mwaka uliofuata alimkuta mama mkwe wake akitoka msitu wa hifadhi na mzigo wa kuni mbichi. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamnyang'anya kuni.

Mwaka 1976, kampeni ya kupanda miti ilipopamba moto, aliifyeka mikuyu iliyozunguka chemchemi ya ukoo, kwa kuwa haitoi nguzo, akapanda mikaratusi mia moja na ishirini. Kwa desturi yetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msimamizi wa pale alikuwa dada yake mkubwa, Bi Pili. Alimwonya: "Kasimiri, mikuyu hiyo bibi aliikuta." Akajibiwa kwamba bibi hakusomea misitu.

Mikaratusi ilinyooka, akasifiwa sana. Kiangazi cha 1991 chemchemi ilikauka. Hondohondo, ndege waliokula matunda ya mikuyu, walikuwa wameshahama, sasa hata vyura wakanyamaza, na wanawake wakawa wanashuka bondeni kufuata maji. Siku moja Bi Pili alitua ndoo tupu mlangoni kwa marehemu. "Miti yako inakunywa kuliko walevi wa kilabuni," akamwambia. Ilimuuma, na hakuficha.

Mwaka 1994 alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Jumatatu iliyofuata alinoa shoka, akaenda kukata mikaratusi yake. Kijiji kilikuja juu. Soko huria lilikuwa limeshaingia, malori yanatafuta nguzo, na mkaratusi ukikatwa kisiki huchipua nguzo nyingine. Watu walitaka machipukizi yaachwe. Mwenyekiti, Mzee Mwinjuma, alimwita ofisini.

"Si wewe uliyetupiga faini kwa kukata miti?"

"Ndiyo mimi. Na hii ndiyo niliyokosea. Kama mnataka nguzo, niambieni mtakunywa nini."

Basi kila Jumatatu, kwa miaka minne, alipanda mlima na panga kuvunja machipukizi, kisiki kwa kisiki, na kuchomeka matawi ya mikuyu katikati yake. Mengine yalikauka, akachomeka tena. Mbegu za miti mingine ya asili alizileta kutoka msituni mfukoni mwa koti. Waliomcheka walikuwa wengi. Wa kwanza kumsaidia alikuwa Bi Pili.

Mwaka 1998 moyo ulianza kumsumbua, akashindwa kupanda mlima. Septemba ya mwaka huo, katikati ya kiangazi, maji yalitoka na vyura wakarudi na kelele zao. Bi Pili alimletea maji hayo kwenye kibuyu. Aliyanywa yote, akafuta mdomo, akasema, "Shikamoo, dada." Dada akaitikia marahaba. Kati yao, hilo lilitosha.

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 14 Julai 1999, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, Bi Pili, na wapwa ambao sasa ndio wenye dhamana ya chemchemi. Ameacha pia visiki saba vinavyochipua bado. Jumatatu ni zamu ya wapwa, na panga lipo nyuma ya mlango.

Jeneza mnaloliona mbele yenu limetokana na mkaratusi wa mwisho. Mbao zake alizitunza darini mwenyewe, akamwagiza fundi: "Niliuleta mimi, nitaondoka nao." Apumzike kwa amani, deni lake kwa chemchemi amelimaliza.