Mama Matofali na Upande Mmoja wa Meza

Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya hisabati, Mama Matofali anastaafu. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja cha kazi karibu muda wote huo nimeombwa niandike maneno ya kumuaga, kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nimechoka.

Jina alilipata kwa kazi yake: kuhesabu maumbo yanayoweza kujengwa kwa vitofali vya plastiki vya watoto, vile vya vinundu vinane vinavyoshikana. Viwili tu huungana kwa njia 24. Vitatu, 1,560. Sita, zaidi ya milioni mia tisa. Ukiongeza kimoja, kazi inakua karibu mara mia. Maumivu ya kukikanyaga pekupeku hayajahesabiwa.

Hakuiamini kompyuta mpaka mkono uithibitishe. Basi tukakaa mezani, yeye huku, mimi kule, tukajenga maumbo ya vitofali vitatu vitatu hadi vidole vikafa ganzi. Tukapata karibu maradufu ya jibu la mashine. Akanuna wiki nzima. Siku alipozunguka meza kuazima kalamu, akaliona kwenye rundo langu umbo lake lilelile, limegeuka tu. Lo! Kumbe tulikaa tukitazamana, kila mtu akihesabu kwa upande wake. Akahamishia kiti chake upande wangu, na hakikurudi tena.

Wanafunzi wake wote wanaijua sheria yake: geuza kwanza, ndipo uhesabu. Wanawe, mumewe anasema, walikua bila ruhusa ya kuvichezea vitofali.

Hesabu aliyoitaka kuliko zote, ya vitofali kumi na kimoja, mashine bado inaitafuna, mwaka wa nne huu. Mkuu wa idara aliamua izimwe siku mama huyu anayoondoka, maana nani ataichunga? Mama Matofali hakubisha. Aliniambia tu, akifunga mkoba, "Mwenzangu, hata nikiwa sipo, nataka kujua."

Mimi nilikuwa naisubiri Ijumaa hiyo nipumzike na haya matofali. Jana nikaenda kwa mkuu, nikaomba niichunge mwenyewe, akakubali. Akili zangu nazijua mwenyewe.

Asante, Mama Matofali, kwa kazi na kwa uvumilivu. Kapumzike kwa afya na amani, na mumeo na wajukuu. Jibu likitoka nitakuletea nyumbani. Weka viti viwili, upande mmoja wa meza.